Shajara ya mradi: teketeza, angamiza, tokomeza, na swali la kinachobaki

Jumatatu usiku

Haya, kundi jipya limefunguliwa. Kwa anayeingia leo, mradi wetu ni kamusi ndogo ya vitenzi vya Kiswahili inayokuambia neno limetoka wapi na linafanya kazi gani, ya bure, inakaa kwenye simu na inafunguka hata kama huna bando. Tuko wachache tu, mmoja Tanga, mmoja Pemba, mmoja anasoma Nairobi, tunafanya usiku baada ya shughuli zetu na kila kitu kiko kwenye faili moja la ekseli. Kila neno lina safu mbili za asili, moja tumeiita "thabiti" na nyingine "hoja". Thabiti ni kile ambacho mtu wa lugha hatakibishia, hoja ni pale tunaposema sisi tunaona hivi, sababu zetu hizi hapa, msomaji pima mwenyewe.

Kundi la safari hii ni vitenzi vya kumaliza kitu kabisa kabisa, yaani teketeza, angamiza, hilikisha, tokomeza, na haribu kwa pembeni kidogo.

Nimeanza kwa kufungua kamusi za lugha moja tulizonazo na kwa kweli nimekasirika. Ukitafuta angamiza unaambiwa ni kuteketeza au kuhilikisha, ukienda teketeza unaambiwa ni kuangamiza au kuharibu kabisa, ukienda hilikisha unarudishwa angamiza, basi unazungushwa hivyo hivyo mpaka unafunga kitabu. Mwanafunzi akitoka hapo anaamini ni neno moja lenye majina manne. Si kweli, na huhitaji digrii kuliona hilo, jaribu tu kwa mdomo: nyumba imeteketea, sawa. Nyumba imeangamia, hapo sikio linasita. Ukoo umeangamia, sawa kabisa. Majambazi wametokomea, hiyo ndo lugha ya kila taarifa ya tukio, "walitokomea kusikojulikana", lakini ukisema majambazi wameangamia umeshawaua, hakuna tena wa kutafutwa.

Kwaiyo kazi ya kundi hili nimeiandika juu kabisa ya faili kwa herufi nene: kila kitenzi kijibu swali, baada ya tendo hili kimebaki nini? Nadhani hapo ndipo vinapoachana.

Jumanne

Leo ni siku ya sarufi, nitajitahidi nisiwachoshe lakini hapa kuna kitu kizuri sana.

Angalia hizi jozi: teketea na teketeza, angamia na angamiza, tokomea na tokomeza, potea na poteza. Zote zinaishia -ea au -ia kwa kitu kinachopatwa na jambo, halafu -eza au -iza kwa anayelisababisha. Hiyo z imetoka wapi? Shuleni wanasema ni kiambishi cha kusababisha basi, wanaendelea na somo. Ukweli ni kwamba Kiswahili huko zamani kilimeza sauti ya l iliyokuwa katikati ya irabu, na majirani wengi hawakuimeza. Sisi tunasema njaa, Wachewa wa Malawi wanasema njala. Sisi mvua, wao mvula. Sisi njia, wao njira, l yao imekuwa r lakini ipo. Na hata kwetu haikufa kabisa, imejificha tu, ukinyoosha neno inatoka: pokea, pokelewa. Nunua, nunuliwa. Potea, na mtu akikasirika anakwambia potelea mbali. Hiyo l ya "potelea" na "pokelewa" hakuna aliyeipachika, ilikuwepo siku zote.

Sasa zamani kulikuwa na kiambishi kifupi cha kusababisha, sauti ya i nyembamba iliyokuwa inaigusa konsonanti ya mwisho ya neno na kuibadilisha. K ikawa sh, waka ikazaa washa. T ikawa s, takata ikazaa takasa. P ikawa fy, ogopa ikazaa ogofya. N ikawa ny, pona ikazaa ponya. Na l ikawa z, lala ikazaa laza. Kwaiyo teketeza ni teketela iliyoguswa na kile kiambishi, l yake ikageuka z kabla haijamezwa, wakati ndugu yake aliyebaki bila kuguswa akapoteza l akawa teketea. Angamiza hivyo hivyo, tokomeza hivyo hivyo. Hiyo imeingia safu ya thabiti bila ubishi, na inatuambia haya maneno matatu yana umri mkubwa, yalikuwepo kwenye lugha kabla l haijamezwa.

Halafu tazama hiliki. Huyu ni Mwarabu, mzizi wake ni h-l-k, halaka, kufa au kupotea moja kwa moja. Ana l katikati ya irabu na haikumezwa! Hakuna anayesema "hiiki". Sababu ni kwamba alipoingia mwambao mchezo wa kumeza l ulikuwa umeshaisha, ndo maana mali, akili, dalili na maneno mengine mengi ya Kiarabu yamebaki na l zao salama. Na kwa sababu alichelewa hakupata kile kiambishi cha zamani, akapewa cha siku hizi, -isha, ndo tukapata hilikisha. Yaani ukiwa na teketeza na hilikisha mkononi unaona umbo lenyewe linakuambia nani ametangulia. Mimi hili linanifurahisha kila nikilisoma tena.

Mwenzetu wa Nairobi ameuliza kama tuweke haya yote kwenye apu au watu watakimbia. Tumekubaliana iwe kitufe, anayetaka abonyeze, asiyetaka aone maana tu aendelee na safari.

Alhamisi

Teketea sasa, yenyewe.

Karibu kila mtu ukimuuliza atakwambia teketea ni moto. Na magazeti yanakubali: soko la Kariakoo lilivyoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 vichwa vya habari vilikuwa "lateketea", "lateketea", "lateketea". Ukisikia dawa za kulevya zimekamatwa au vyakula vimepita muda, serikali inaviteketeza, na unajua moja kwa moja pana tanuri au shimo na mafuta ya taa. Kwenye Biblia ile ya Union Version sadaka ambayo mnyama anachinjwa na kuchomwa wote, kama ile Ibrahimu aliyopandia nayo mlimani na Isaka katika Mwanzo 22, inaitwa sadaka ya kuteketezwa. Wafasiri walichagua vizuri sana pale, kwa sababu jambo la ile sadaka ni kwamba hakibaki kitu cha kuliwa na mtu, yote inaenda.

Lakini moto haumo ndani ya neno. Miaka ya 90 ukimwi ulipokuwa unapita nyumba kwa nyumba, tulisikia mimbarini, redioni na misibani kwamba vijana wanateketea, taifa linateketea, na hapakuwa na moto wowote. Watu walikuwa wanakonda, wanaisha taratibu, mwezi kwa mwezi. Fedha nazo zinateketea, mradi unasimama njiani na mtu anakwambia mabilioni yameteketea pale. Hata mshumaa hauteketei kwa sababu umewaka, unateketea kwa sababu umeliwa mpaka utambi. Ukiyaweka haya pamoja unaona neno linataka nini: kitu kiliwe, kidogo kidogo au kwa haraka si hoja, mpaka kiishe chenyewe. Moto ni mlaji mmojawapo, ndiye mashuhuri basi.

Hapa ndo nikaenda kwa bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, nikamsalimia shikamoo akaitikia marahaba mjukuu wangu, nikamwuliza bibi, teketeke ni nini. Akashika sikio lake pale chini kwenye ndewe akasema hii hapa ni teketeke, na utosi wa mtoto mchanga teketeke, nyama ikiiva vizuri teketeke. Laini isiyo na mfupa, kitu kisichoshindana na kidole. Nikamwuliza na kuteketea je, ni ndugu na teketeke? Akanitazama akasema "sasa mwanangu, kitu kigumu kinateketea kikiwa kigumu? Lazima kilegee kwanza."

Nimeliweka kwenye safu ya hoja na nimeandika sababu. Kiswahili kina tabia ya kujenga kitenzi juu ya neno la hali kwa kuongeza kiambishi, refu imezaa refuka, pevu imezaa pevuka, na nene imezaa nenepa, kwaiyo kitu kuwa teketeke na kitu kuteketea si mbali kwa umbo wala kwa maana. Kama ni hivyo, ndani ya teketea hakuna moto, kuna kulegea na kubomokabomoka mpaka kisibaki kipande cha kushika. Na hapo swali letu linajibiwa: baada ya kuteketea kinachobaki ni majivu, au hakuna hata hayo. Kitu chenyewe kama maada kimekwisha.

(Teke la kupiga kwa mguu msilichanganye, hilo ni neno jingine na lina ukurasa wake.)

Ijumaa, nimechelewa kulala

Angamia.

Hapa nataka kwenda polepole kwa sababu hili neno limebebeshwa mizigo mizito kuliko yote.

Kwanza umbo. Kuna kitenzi angama ambacho vijana wengi hawakijui siku hizi, maana yake ni kuning'inia, kukwama hewani, mfano embe limeanguka likanasa kwenye tawi, limeangama, halijafika chini wala haliko juu. Ile -ama ya mwisho ni ya mkao, iko kwenye inama, simama, kwama, fungamana. Ukiongeza ile -ia unapata angamia, kama simama inavyotoa simamia na zama inavyotoa zamia. Hoja yetu, imewekwa kwenye safu ya hoja, ni kwamba kuangamia mwanzoni ni kukosa ardhi chini ya miguu, kunasa mahali ambapo huwezi kushuka wala kurudi. Anayeangamia hajaliwa na kitu kama anayeteketea, amekosa pa kusimama. Ndo maana neno linapenda viumbe, watu, mataifa, koo, vizazi. Meza haiangamii.

Ushahidi wa matumizi uko tele. Hosea 4:6, "Watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa", mstari ambao umenukuliwa kwenye mahafali ya shule pengine kuliko mstari mwingine wowote, na ukiusoma na angama kichwani unauelewa zaidi, kukosa maarifa hakukuchomi, kunakuacha huna pa kukanyaga. Kwenye Qurani, pale Mwenyezi Mungu anapotaja kaumu zilizopita, Adi, Thamudi, watu wa Nuhu, Kiarabu kinatumia sana kitenzi ahlaka, cha ule ule mzizi wa h-l-k uliotupa hiliki. Ungetegemea wafasiri wetu waandike "tuliwahilikisha" maana neno wanalo mkononi. Lakini Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani baada yake, wote wawili wanakuja na kuangamiza. Wametoka kwenye neno la Kiarabu wakaliacha neno la Kiarabu lililokwishakuwa la Kiswahili, wakachukua la Kibantu. Mimi naona walifanya sawa kabisa. Hiliki imebaki kwa washairi na kwa wazee wa mwambao, ukiisema Dodoma au Kisumu watu wanakutazama, angamia inamfikia kila mtu kifuani.

Mwenzetu wa Pemba amesema kwao hiliki bado ni hai, mtu akipata hasara kubwa anasema nimehiliki, na ameomba tusiliandike kama neno lililokufa. Tumekubali. Limeandikwa "hai visiwani na katika ushairi". Pia ameomba onyo dogo kwamba halaiki, ile ya "mauaji ya halaiki" na ya vijana wa halaiki kwenye sherehe za Muungano, haina uhusiano na hiliki hata kama zinafanana masikioni. Halaiki ni kutoka kh-l-q, kuumba, yaani viumbe, umati wa watu. Onyo limeingia.

Sasa mzigo mzito. Kiswahili kilipotaka jina la mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi kilichagua Maangamizi. Kingeweza kuchagua lile la kuteketeza, kwa sababu neno linalotumika Ulaya, Holocaust, limetoka Kigiriki na maana yake ni kilichoungua chote, na ndilo lililokuwa jina la ile ile sadaka ya kuteketezwa. Hebu fikiria, sadaka! Wayahudi wengi wenyewe hawalipendi jina hilo kwa sababu hakuna aliyetolewa sadaka pale, waliuawa, wao wanasema Shoah, maafa, uharibifu mkubwa. Kiswahili bila kuulizwa na mtu kikaenda upande wa Shoah. Na mwaka 2003 vita vya Iraq vilipoanza, redio za Kiswahili zilisema silaha za maangamizi, si silaha za kuteketeza, maana jambo lililotisha halikuwa majengo, lilikuwa watu.

Mfano tuliouchagua kwa ukurasa huu unatoka nyumbani. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani waliposhindwa kuwamaliza wapiganaji kwa risasi peke yake waligeukia chakula, wakachoma vijiji, mashamba na maghala kusini kote, Umatumbi, Ungoni, Ungindo, na njaa ikafanya iliyobaki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 ya Wajerumani wenyewe mpaka 250,000 na 300,000 ya wanahistoria wa baadaye, na wengi wao walikufa kwa njaa. Sentensi yetu inasomeka hivi: "Waliteketeza mashamba na maghala, na watu wakaangamia kwa njaa." Geuza vitenzi uone. "Waliangamiza mashamba, watu wakateketea kwa njaa", inaeleweka lakini imepoteza nguvu, kwa sababu ghala ndilo lililoliwa na moto na watu ndio waliokosa pa kusimama. Kamusi inayosema maneno haya ni sawasawa haiwezi kukueleza sentensi hii.

Jumapili

Haribu kwa kifupi maana kila mtu anaijua. Kiarabu kh-r-b, kharaba, na kh yetu imekuwa h kama kwenye habari, hatari, heri. Huko kwao kharaba ni magofu, mji uliobomoka ukahamwa. Kwetu imeshuka bei, maziwa yameharibika, simu imeharibika ipeleke kwa fundi, siku yangu imeharibika. Kinachoharibika mara nyingi kinaweza kutengenezwa, ndo maana watu wakitaka kusema kweli kweli lazima waongeze "kabisa". Haribu haiko tena kwenye kundi la kumaliza, tumeihamishia kundi la kasoro na tukaacha kiungo.

Jumanne jioni

Tokomeza. Hii imetuletea mjadala mrefu kuliko zote na nataka ubaki kwenye shajara.

Tokomea ni kwenda mbali hadi usionekane. Mtu anatokomea gizani, chombo kinatokomea upeoni. Aliyetokomea hajafa! Yuko mahali, hujui wapi, huenda anakunywa chai. Basi tokomeza, kwa haki yake, ni kukifanya kitu kiende usikokiona. Lakini kwenye lugha ya serikali na mabango limekuwa neno la vita: tokomeza malaria, tokomeza umaskini, tokomeza ukeketaji, tokomeza sifuri shuleni. Vyote ni vitu vibaya visivyo na mwili. Hapo hakuna tatizo, umaskini ukitokomea kusikojulikana tutashukuru.

Shida inaanza pale kitenzi kinapopewa bunduki. Oktoba 2013 Tanzania ilianzisha Operesheni Tokomeza, kirefu chake tokomeza ujangili, jeshi na polisi na askari wa wanyamapori kwa pamoja. Sababu yake ilikuwa ya kweli na ya kuumiza: tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 2009, na sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000, pori la akiba la Selous peke yake mwaka 2013 walihesabiwa karibu 13,000 tu. Ile Selous yenyewe sehemu yake ni pori lililofunika makazi ya watu wa Ungindo, wale wale wa Maji Maji, nchi ilipobaki tupu wanyama wakaingia. Kwaiyo ukisema kuangamia kwa tembo pale, uko juu ya ardhi ambayo watu waliangamia kwanza.

Operesheni ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba baada ya malalamiko bungeni. Desemba kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ikasoma taarifa yake, wananchi kuteswa, ng'ombe kuuawa, mali kuchukuliwa, watu kufa, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne, wa Maliasili, Mambo ya Ndani, Ulinzi na Mifugo, wakapoteza nafasi zao siku moja.

Mwenzetu wa Nairobi anasema hiyo ni siasa, kamusi iandike maana ipite. Mimi nimemjibu kwamba ni sarufi. Angalia jina lilivyofupishwa: Operesheni Tokomeza. Tokomeza nini? Kitenzi hiki kinahitaji kutendewa, na kile kilichokuwa kinatendewa, ujangili, kilidondoka mdomoni mwa kila mtu ndani ya siku chache. Kikabaki kitenzi kikavu, amri isiyo na mpaka, na kila aliyesimama mbele yake, mfugaji, mkulima mwenye gobole la babu yake, akawa anaweza kuwa ndiye huyo wa kutokomezwa. Sisemi jina ndilo lililotesa watu, watu walitesa watu. Nasema lugha ilikuwa imeshaacha mlango wazi, na kamusi ikieleza tokomeza kuwa "haribu kabisa" tu, bila kusema linafaa kutendewa nini, nayo imeuacha.

Tumepiga kura. Maelezo ya kutendewa yameingia kwa vitenzi vyote vitatu.

Na kwa sababu tulikuwa tayari kwenye tembo, mfano wa teketeza tumeubadilisha. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawasha tani 105 mahali hapo hapo, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru. Vyombo vya Kiswahili viliandika pembe zimeteketezwa, na hilo ni teketeza la haki kabisa, kwa sababu pembe haishiki moto yenyewe, ilibidi wamwage mafuta mengi na moto ukae siku kadhaa ukiila taratibu. Hapakuwa na haja ya kusema zimeangamizwa, pembe haina uhai. Waliokuwa wameangamizwa ni wenye pembe. Na wala hazikutokomezwa, maana jambo lote lilifanywa hadharani ili dunia ione hazikufichwa ghalani mtu akaja kuziuza baadaye. Lundo moja la pembe na vitenzi vitatu vimejipanga vyenyewe, sikuamini lilivyokaa vizuri.

Alhamisi

Ukurasa umekamilika, naunakili hapa kama ulivyo kwenye faili:

teketea: kuliwa na kitu (moto, ugonjwa, matumizi) mpaka kuisha. Hutumika kwa vitu, mali, na watu wanaoisha kwa ugonjwa au moto. Kinachobaki: majivu au hakuna. Anayesababisha: teketeza. Asili: Kibantu, yenye l iliyofichika (thabiti), ndugu wa teketeke (hoja).

angamia: kiumbe, ukoo au taifa kukosa pa kusimama na kupotea na uhai wake. Haifai kwa kitu kisicho na uhai. Kinachobaki: jina na kumbukumbu. Anayesababisha: angamiza. Asili: Kibantu (thabiti), kutoka angama (hoja).

hiliki: kuangamia, kupata hasara ya kumaliza. Hai visiwani na katika ushairi. Anayesababisha: hilikisha. Asili: Kiarabu h-l-k (thabiti).

tokomea: kwenda mbali hadi kutoonekana, bila lazima ya kufa. Kinachobaki: kitu chenyewe, mahali pengine. Anayesababisha: tokomeza, siku hizi kumaliza jambo baya, kitajwe daima kinachotokomezwa.

Limebaki suala la michezo. Yanga ilipoifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023 mtaani kila kitenzi cha ukurasa huu kilitumika ndani ya saa moja, waliteketezwa, waliangamizwa, walisambaratishwa. Mwenzetu wa Pemba anataka yaingie, ni Kiswahili hai. Nimekubali lakini kwa alama ya "chuku" pembeni, na sambaratisha apewe ukurasa wake kwa sababu ile ni kutawanya, si kumaliza, timu iliyosambaratika ina wachezaji wote, hawako pamoja tu.

Ndugu wa Nairobi bado anarekebisha sehemu ya kutafuta ili ukiandika "potelea" ikupeleke kwa potea, ukiandika "pokelewa" ikupeleke kwa pokea, maana sasa hivi ile l inamchanganya kompyuta. Akimaliza tunapakia toleo.